Njia ya Ng'ombe kwenda Mtoni

Mchora ramani husonya kila anapobofya. Kwenye kompyuta, juu ya picha ya Subukia iliyopigwa kutoka angani, huchora mto kwenye tabaka lake, barabara kwenye lake, mipaka kwenye lake. Leo Mzee Kiarie amesimama nyuma yake tangu asubuhi: jirani anataka kuziba njia ya ng'ombe kwenda mtoni, naye anataka ichorwe kabla ya kikao cha chifu cha saa nane.

"Mzee, hapa naona miti tu. Siwezi chora kitu sioni."

"Madam, ng'ombe wangu hawana kompyuta na wanaiona kila siku."

Anasonya kwa nguvu, anafungua tabaka jipya, analiita "Maneno ya mzee", kisha anamsukumia kipanya. "Haya, wapeleke wakunywe!"

Mzee anakishika na kuanza kuchora. Mstari unajipinda kuzunguka kila mti. Mchora ramani anauchapisha vilevile, bila kunyoosha hata kona moja.