Mfumo wa Pili kwenye Kompyuta ya Marehemu

Mimi ni fundi wa kompyuta, na kitu nisichokipenda ni mteja wa kunisimamia kichwani. Huyu karani mstaafu alinianza hata sijafungua begi.

"Fundi, mfumo wa zamani usiuguse."

"Mzee, nimekusikia. Mara ya tano sasa."

Kompyuta ilikuwa ya marehemu mkewe, aliyekuwa akipiga chapa barua za watu humo chumbani tulimokuwa. Alifariki na neno lake la siri. Mzee alijaribu majina ya watoto, akajaribu mpaka la paka, wapi! Miaka miwili amekuwa akiiwasha, anatazama jina la mkewe kwenye kioo, anaizima. Alitaka kujua mwenzake aliacha nini humo, basi. Nikamwambia tuweke mfumo wa pili pembeni ya ule wa zamani, nao utasoma mafaili bila kuuliza neno la siri.

Nikatenga nafasi kwenye diski, nikachomeka flashi, tukasubiri. Likompyuta lenyewe zee, mwendo wa kobe. Kiti kilikuwa kimoja, kwa hiyo yeye alisimama mlangoni.

"Nilikuwa nakuja mpaka hapa," akasema. "Namsikia anagonga, ta-ta-ta, narudi sebuleni. Ofisini kwetu mtu akipiga chapa hasemeshwi, atakosea."

Mfumo ukakubali. Nikafungua diski ya zamani: barua za wateja, halafu faili moja refu lenye tarehe. Macho ya mzee hayaoni maandishi madogo, akaniomba nimsomee. Laiti ningesingizia umeme umekatika!

"Wateja wameisha tangu mwaka jana. Napiga chapa chochote tu, maana nikiacha, nyumba nzima inakuwa kimya. Leo amekuja mpaka mlangoni. Nikagonga kwa nguvu ajue nipo, labda ataingia. Ameondoka."

Roho iliniuma, jamani. Mzee alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Na kesho yake?"

"Kesho yake vilevile, mzee."

"Hakuna siku niliyoingia? Tafuta, fundi. Nadhani niliwahi kuingia."

Nikateremsha kurasa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Hakuna. Nikamtazama usoni, nikashindwa kumwambia ukweli.

"Ipo, mzee. Siku moja uliingia."

Akaja taratibu, akasimama nyuma ya kiti.

"Nisomee hiyo."