Kakao Iliyopotea Kwenye Kompyuta

Chama chetu cha ushirika hapa Kyela kilijaliwa mabingwa wawili wa kompyuta. Mimi niliandika programu ya kupokea kakao mbichi ya wakulima wa Ikolo na Ndandalo. Mwenzangu akaandika ya ghala, ambako kakao hukaa ikiwa kavu. Programu zote mbili ziliiita “kakao” tu, bila kusema mbichi wala kavu. Nikaomba tuwe na faili moja la pamoja, linaloeleza kila kitu ni cha aina gani, ili programu zote zisome humo. Mwenyekiti akasema “ndaga fijo”, akanishukuru kweli, halafu akaniambia hizo ni anasa za Dar.

Msimu ulipoisha, kompyuta ikalinganisha kilo zilizopokelewa na zilizoko ghalani, ikatangaza kwamba zaidi ya nusu ya kakao haionekani. Viongozi wetu, watu walioanika kakao maisha yao yote, wakaitisha kikao cha dharura kuhusu wizi. Nikanyoosha mkono kuwakumbusha kwamba kakao ikikauka hupungua uzito. Nikaambiwa nisubiri mengineyo. Tulipofika kwenye mengineyo, mlinzi wa ghala alikuwa ameshafukuzwa na kufuli kubwa limeshaagizwa.

Siku hizi faili la pamoja tunalo. Kakao bado haijaingizwa humo. Kitu cha kwanza mwenyekiti alichotuagiza tukieleze, tena kwa makini sana, ni kufuli.