Kisanduku Alichokiona Shemeji Peke Yake

Nimesuka nywele miaka ishirini na miwili. Sikusoma, lakini vidole vyangu havikuhitaji darasa. Mwenye saluni alipotaka wateja washike nafasi mtandaoni, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alinitengenezea tovuti: picha za misuko, na chini kisanduku cha kuandika jina na siku. Mimi natumia kitochi, simu ndogo isiyofungua tovuti; kazi yangu ilikuwa kupokea ujumbe tu.

Baadaye akaihamishia kwenye anwani salama, ile yenye alama ya kufuli. Ujumbe ukakatika. Mwenye saluni akanionya: mwezi mwingine bila nafasi hata moja kushikwa, kiti anapewa mwingine.

Nilimfuata shemeji mara tatu. Kila mara alifungua kompyuta yake.

“Si kisanduku hiki hapa? Wateja wamekuchoka, shemeji, usisingizie mitambo. Ungekuwa umesoma ungeelewa.”

Nikaamini nimechokwa. Kiti kikaenda.

Juzi, kwenye foleni ya duka la dawa, muuguzi niliyekuwa nikimsuka akanishika mkono.

“Dada, unaacha kazi bila hata kuaga?”

Akanionyesha tovuti yangu kwenye simu yake. Kufuli lipo, misuko yangu ipo. Chini, mahali pa kisanduku, peupe.

Tukaenda kwa shemeji. Akaitazama simu ile, kisha kompyuta yake.

“Ukurasa unakuja kwa njia salama,” akasema taratibu, “ila kisanduku bado kinatoka anwani ya zamani isiyo na kufuli. Kivinjari, programu inayofungua tovuti, hakikubali kuvichanganya. Kinakizuia kimya kimya.”

“Mbona kwako kinaonekana?”

“Siku ya kwanza kilizuiwa hata kwangu. Nikabonyeza kuruhusu. Nikasahau.”

“Kwa hiyo mteja pekee aliyebaki ni wewe,” muuguzi akamwambia, “na huna hata unywele.”

Alirekebisha kwa dakika mbili. Miezi mitano yangu, dakika mbili zake.

Nikamwambia avae viatu, twende saluni aseme mwenyewe. Mwenye saluni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

“Mbona hukuniambia nijaribu kwenye simu yangu?”

Naye hakuwahi kujaribu. Nyuma yake, kwenye kiti changu, mwanamke nisiyemjua alikuwa akimsuka mteja, na mfukoni mwangu kitochi kililia mlio wa ujumbe. Kikalia tena.