Gunia ya Papa Théodore na Mistari Yake ya Kichwa Chini

Mimi Katungu, mutu ya Butembo, nauzisha muchele hapa Kisangani miaka kumi na tisa, na sijaona bado mubishi sawa Papa Théodore. Ye ni Mugenia, muvuvi wa maporomoko, jirani yangu. Akisikia kosa, lazima airekebishe. Siku moja padri alisema kwenye misa kama wavu ya Petro ilitoka na samaki mia moja hamsini na mbili. Papa Théodore akasimama katikati ya watu: "Hamsini na tatu, mon père!" Muke wake akajificha nyuma ya mugongo yangu.

Wagenia wanavua na vitunga kubwa, zinafungwa kwenye miti juu ya maji yenye nguvu. Kila muti iko na mwenyewe. Muti ya Papa Théodore aliachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na baba yake. Basi ukoo ukaanza kunung'unika: samaki zake zinapunguka, iko na miaka sitini na ine, mukono yake imechoka, muti apewe Eddy, mutoto ya dada yake, kijana ya kifua sawa mulango. Papa Théodore akakuja ku butiki yangu, macho nyekundu.

"Mama Katungu, wakininyang'anya muti ile, mi nitakuwa nani?"

Nikamuonyesha mistari ya mauzo yangu kwenye ukuta, kila mwezi mustari mumoja. Mwezi muchele inauzika sana, mustari unapanda. "Papa, watu wa leo hawaamini kinywa, wanaamini mistari. Uko na hesabu?"

Ee, alikuwa nayo! Kila samaki aliyovua, alifunga fundo kwenye kamba. Kamba za miaka mitano zilijaa chini ya kitanda, na muke wake alishachoka kufagia kandokando yake. Nikamupatia gunia nyeupe ya muchele ya kilo ishirini na tano, tupu, na kipande ya makala ya jiko, achore mistari yake.

Kisha siku tatu akarudi. Mistari tano, kila mwaka mustari mumoja, kila upana ya kidole samaki mia moja. Lakini yote ilikuwa inaning'inia toka juu!

"Papa, umegeuza!"

"Nimegeuza nini? Kitunga inashuka wapi? Samaki iko hewani, wee Mama?"

Kwake, mustari ukizama sana, samaki ni mingi. Na mistari yake ilikuwa inafupika: vidole kumi na mbili, kumi na moja, kumi, nane, saba. Hesabu ilikuwa inamushitaki yeye mwenyewe!

"Itawaonyesha kama si mukono yangu," akasema. "Ni maji haina tena samaki."

"Inaonyesha wapi?"

"Angalia muzuri."

Nikaangalia muzuri. Haikuonyesha.

Siku ya kikao ya ukoo ya kuamua juu ya muti, mimi njo nilishika gunia. Papa Timothée, mukubwa ya ukoo, alikaa katikati, na kando yake Osée, mwandishi ya kikao, kijana ya chuo kikuu na kravati yake. Osée akafuata ncha za chini za mistari toka kushoto mpaka kuume, na ncha zilikuwa zinapanda. Akaruka.

"Mais c'est formidable! Inapanda! Kila mwaka inapanda!"

Akapiga makofi. Wote wakapiga makofi. Eddy akainamisha kichwa. Muti ilikuwa imepona, jamani! Nikamufinya Papa Théodore: nyamaza, kwa jina ya Mungu, nyamaza.

"Wapi! Samaki zinapunguka!" akapiga kelele. "Wewe ulisoma nini? Hii inasomwa toka juu!" Akashika kidole ya Osée, akaipitisha kwenye kila mustari, mpaka watu wote wakaelewa muzuri kabisa kama samaki yake inaisha.

Wakamupatia Eddy muti. Wiki nzima sikumusalimia Papa Théodore, sababu ya hasira.

Ye hakulala. Mwaka muzima, kila asubuhi, alikaa kwenye jiwe na kamba mupya, anafunga mafundo ya samaki ya Eddy. Eddy anavuta mpaka mishipa inamutoka shingoni.

"Tonton, rudia nyumbani!"

"Vuta, mutoto. Mi nahesabu."

Mwaka ukaisha, akaomba kikao ingine. Gunia ni ileile, imeongezwa mustari wa sita, wa Eddy. Papa Timothée akataka kupima, lakini Papa Théodore akakatala: vidole ya Timothée ni nene, itaharibu hesabu. Akaweka yake. Moja, mbili, tatu, ine, tano. Basi.

Papa Timothée akamuangalia Eddy, kifua ile, mikono ile. "Kijana sawa huyu, vidole tano. Bon. Haikukuwa mukono ya Théodore. Samaki ndiyo haiko."

Papa Théodore akalia mbele ya wote, na mimi nikalia. Wakamurudishia muti yake, na Eddy atamusaidia kuvuta. Osée peke yake akainama karibu yangu: "Lakini Mama, si inapanda?"

Njiani nikauliza Papa Théodore sababu gani aliacha nafasi kubwa vile chini ya mistari, nusu ya gunia nzima, bure.

Akaniangalia sawa mi njo mujinga. "Na samaki zikirudi, mustari utapita wapi?"

Nikamwambia akuje kesho asubuhi, nitamupatia gunia ya kilo mia, tupu.