Maji Niliyotia Kwenye Betri

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mugango, na katibu wa kamati ya zahanati, wakati sola ilipoletwa kijijini kwetu. Mafuta ya taa bado tulikuwa tunayapangia foleni, ingawa maduka ya Mukendo, kule Musoma mjini, yalikuwa yameanza kujaa bidhaa tena. Muuguzi wetu alikuwa amezalisha wanawake wengi kwa mwanga wa koroboi. Kwa hiyo paneli moja juu ya bati na betri moja ndani ya sanduku la mbao, kwetu lilikuwa jambo kubwa.

Fundi aliyeifunga alikaa siku tatu. Alitaka vijana wanne waliomaliza darasa la saba na kubaki nyumbani, awafundishe kuitunza.

"Mimi naondoka," alituambia. "Hawa ndio watakaobaki nayo."

Mmoja wao alikuwa binti wa mvuvi, ambaye nilimfundisha hesabu mwenyewe. Siku ya pili tayari alikuwa anafungua vifuniko vya betri, anachungulia maji yamefika wapi na kuandika kwenye daftari. Mimi nilikaa pembeni nikisahihisha kazi za wanafunzi. Niliona somo lile si la mtu mwenye cheti.

Ufunguo wa sanduku ulipaswa kubaki kwa vijana. Nikauchukua. Niliiambia kamati kwamba watoto wataharibu mali ya kijiji, na kamati ikanikubalia. Ukweli ni kwamba nilipenda kuonekana nao mkononi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja yule binti alinifuata mlangoni mwa darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Taa ya zahanati inafifia mapema siku hizi. Betri inataka maji. Fundi alisema tuiangalie kila mwezi, na sisi hatujaiangalia hata mara moja."

"Nitaiangalia mwenyewe."

"Ni yale maji ya betri, mwalimu, yanauzwaga Musoma. Naweza kwenda kuyaleta."

"Mimi ndiye niliyekufundisha, au wewe ndiye uliyenifundisha?"

Darasa zima lilicheka. Aliinamisha kichwa, akaondoka.

Mchana nilifungua sanduku. Maji yalikuwa yameshuka kabisa, kama alivyosema. Kwenda Musoma sikutaka, maana angejua nimefuata maneno yake. Nikachukua ndoo, nikateremka ziwani, nikachota maji na kuijaza betri hadi juu. Haikuchukua muda, taa ikafa.

Kamati iliitisha mkutano. Mwenyekiti akauliza nani aligusa betri. Mimi nikasimama nikasema, "Yupo binti mmoja alikuwa anaifuatafuata sana."

Sikusema zaidi ya hapo, wala haikuhitajika. Hakuna aliyekumbuka kuuliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Watu waligeuka kumtazama. Alikuwa amesimama karibu na mlango na wanawake wengine. Alinitazama. Baba yake akainuka, kofia mkononi.

"Ndugu zangu, nisameheni," alisema. "Mtoto ni wangu, na kosa ni langu."

Niliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa mwandiko mzuri. Vijana wote wanne wakakatazwa kusogelea zahanati. Muuguzi akarudi kwenye koroboi.

Binti akahamia kwa shangazi yake Bunda. Miaka mingi baadaye nilikwenda huko kwa shughuli za walimu, redio yangu ikaharibika, nikaelekezwa kwa dada mmoja anayechaji betri kwa sola na kutengeneza redio. Nilimkuta ndiye yeye. Juu ya kibanda chake kulikuwa na paneli mbili, na wasichana wawili walikuwa wanafunga nyaya huku yeye akiwaelekeza. Akaniamkia, akanifutia kigoda.

Nilikaa. Mwishowe nikasema, "Ile betri ya zahanati..."

"Nilikuona, mwalimu. Nilikuwa nafua ziwani ulipokuja na ndoo. Nikakuona unaingia nayo zahanati."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangemwamini nani?"

Nikamuuliza habari za baba yake. Alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Kila nikienda kumsalimia alikuwa ananiulizaga, ile betri niliifanya nini. Namwambia sikuigusa. Sijui kama aliniamini."

Alisema hivyo bila hasira, huku analegeza skrubu za redio yangu. Ningefarijika kama angenitukana.

Jumapili iliyofuata, nikiwa nimerudi Mugango, niliomba nafasi kanisani baada ya matangazo, nikaeleza yote. Wengine walitabasamu. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Mwalimu, hayo si yameshapita?" Wakaanza kutoka. Mama yake yule binti hakutabasamu. Nilimfuata nje nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Mimi nilijua mwanangu hakuigusa," alijibu. "Aliyekuwa anataka kusikia ni baba yake."

Akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya nyumbani. Nilibaki pale uani, watu wakinipita na kunisalimia kwa heshima kama kawaida.