Siku Niliyomwita Mama Dada

Mwezi uliopita nilirudi Isiolo kufunga nyumba ya nyanya. Nasema kufunga, lakini hapakuwa na mengi: vyumba viwili vya mabati, kitanda kimoja, sufuria tano, na sanduku la chuma la rangi ya samawati ambalo utotoni sikuruhusiwa kuligusa. Nyanya alikuwa amezikwa wiki mbili kabla, na mwenye ploti alitaka nafasi yake. Mimi ni mtu wa kupanga mambo, kwa hiyo nilianza na sanduku. Kwanza nguo, kisha shanga, kisha vile vitu vidogo ambavyo mwenyewe tu ndiye aliyejua kazi yake. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimefika chini kabisa, na huko ndiko nilikoipata karatasi.

Lakini ngoja, rafiki yangu. Nikikuonyesha karatasi kabla ya kukuonyesha watu, hutaelewa kwa nini niliketi sakafuni muda wote ule bila kufanya kazi niliyoijia.

Tuliishi pembeni mwa mji, upande ambako Waturkana wengi walikuwa wamejenga. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya serikali za kaunti, na kaunti ilikuwa jibu la kila swali. Maji yatakuja lini? Kaunti italeta. Barabara? Kaunti. Hata mbuzi akipotea, jirani mmoja alikuwa akisema kwa mzaha kwamba amechukuliwa na kaunti. Asubuhi tuliamshwa na adhana, halafu na malori ya mifugo yakishuka kutoka kaskazini, mbuzi wakilia ndani kama watoto wa shule. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaza mitungi kwenye bomba la jirani kabla foleni haijawa ndefu. Ya pili ilikuwa kumlowekea nyanya majani ya ukindu, kwa sababu alisuka vikapu, na ukindu mkavu humkata msusi vidole. Mpaka leo nikisikia harufu ya ukindu uliolowa, naona vidole vyake.

Jambo moja lazima ulijue. Mimi nilizaliwa kabla ya mama kuolewa, kabla ya mahari. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa boma la babu yake, na hakuna anayeona haya. Nililelewa na nyanya, nikamwita Toto, neno ambalo kwa Kiturkana ni mama. Mama aliyenizaa nilimwita dada. Yeye aliolewa baadaye na dereva wa lori, akazaa watoto wanane, na kwa kuwa mumewe alikuwa safarini daima, walikuja kuishi nasi katika ua ule ule. Tulikula sinia moja. Nilijua vizuri kwamba dada ndiye mama yangu, kama unavyojua jua liko nyuma ya wingu. Halikuwa jambo la kutajwa.

Kisha yule dereva akapata njia ya kwenda ng'ambo, nchi ya baridi, kufanya kazi katika kiwanda cha nyama. Baada ya miaka miwili habari ikaja: kuna watu wa mji ule ambao wamekubali kuipokea familia yake yote. Dada alitangaza mbele yetu sote, ameshika simu kifuani. Halafu akanigeukia mimi, mbele ya nyanya, akasema maneno ambayo ningeweza kuyaapia popote: "Wewe ndiye mkubwa. Wewe ndiye utawashika wadogo mkono kwenye ndege."

Sijawahi kufurahi hivyo tena. Sokoni dada alinunua makoti ya mitumba, mazito kama magodoro, na tukaanza kujifunza baridi. Ndivyo tulivyosema, kujifunza baridi. Tulivaa makoti saa saba mchana, katika jua la Isiolo, tukazunguka ua mara kumi huku jasho likitutoka hadi viatuni. Koti langu lilikuwa la kijani, na kitufe kimoja hakikuwepo. Nyanya alilishonea kitufe cha shanga. Jirani alipita akasimama penye ua akatushangaa.

"Hawa watoto wamepatwa na nini?"

"Wanaenda kuishi ndani ya friji," nyanya akamjibu. "Waache wazoee."

Tulijifunza na mkanda wa ndege pia. Tulipanga ndoo mistari miwili, tukaketi, na mimi nikapita nikiwafunga wadogo wangu leso kiunoni mmoja mmoja. Wakati huo uwanja wa ndege wa mji wetu ulikuwa unapanuliwa, na sisi tuliamini ndege yetu itaondokea pale pale, nyuma ya uzio wa waya. Nyanya naye alianza kugawa vyombo vyake. Angekwenda Gotu, kwa kaka yake, sisi tukishaondoka. Alimpa jirani jiko. Kumbuka jambo hilo la jiko. Mtu hagawi jiko kama anajua atabaki na mtoto wa kupikia.

Siku ya kupigwa picha za pasipoti, nilikuwa na jicho jekundu. Dada alilitazama akasema picha itaharibika, yangu itapigwa baadaye. Alinituma maziwa. Niliporudi, picha zilikuwa zimekauka juu ya meza, watoto wanane na yeye, wote wamekodoa macho kama walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Jicho langu lilipona kwa siku tatu.

Kisha mgeni akaja. Alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana, mmoja wa wale watu wa ng'ambo waliokubali kutupokea, pamoja na kijana wa Nairobi wa kumtafsiria. Walikaribishwa chai ya maziwa ya ngamia, yale yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mgeni alionja, akasema kitu.

"Anasema chai hii ina ladha ya moto," kijana akatafsiri.

"Mwambie abebe kidogo," nyanya akasema. "Huko kwao nasikia moto ni wa ukutani."

Tukacheka. Mgeni akafungua faili. Kijana aliita jina, mtoto akasimama, mgeni akatia alama ndogo kwa kalamu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa nane, ambaye alikuwa bado mgongoni na akainuliwa juu kama kuku wa mnada. Mimi nilikuwa nimesimama tangu mwanzo, na koti langu la kijani, nikingoja zamu. Mgeni aliitazama karatasi. Akaigeuza upande wa pili. Akairudisha upande wa kwanza. Akamnong'oneza kijana, na kijana akaniuliza, "Na wewe, mama yako ni yupi hapa?"

Rafiki yangu, nilikuwa nimefundishwa kuvaa koti na kufunga mkanda. Jibu la swali hilo sikufundishwa. Nilikwenda nikasimama kando ya nyanya. "Huyu. Toto."

"Ati mtoto?" Kijana akaangua kicheko. "Huyu mzee ni mtoto? Basi mimi bado sijazaliwa."

Wadogo wangu wakaanguka chini kwa kucheka. "Si mtoto!" mmoja akapiga kelele. "Toto! Ni mama kwa Kiturkana!"

"Haya, nimeelewa. Na huyu?" Akamwonyesha dada.

"Huyo ni dada yangu."

Kijana akatafsiri. Mgeni akatabasamu, akanishika kichwa, akafunga faili. Nakumbuka dada alikuwa ameinama juu ya meza. Aliweka sukari katika kikombe cha mgeni, kijiko cha tatu, akakoroga kwa muda mrefu sana.

Majibu yalipokuja, majina yalikuwa tisa, dada na watoto wanane. Dada aliniita nyuma ya nyumba. Hakunipigia kelele, na nafikiri kelele ingekuwa nafuu. "Uliniita dada mbele ya wale watu," alisema. "Wameandika ulivyosema. Sasa mimi nitafanya nini, na ni mdomo wako mwenyewe?"

Waliondoka asubuhi, kwa gari la kukodi. Sikungoja waingie garini. Nilikimbia hadi uzio wa uwanja wa ndege ili niwe wa kwanza kuwapungia. Nilisimama pale mpaka jua likawa utosini, ikaruka ndege moja ndogo, nikaipungia kwa mikono miwili mpaka ikapotea. Wao walikuwa njiani kwenda Nairobi. Hakuna aliyekumbuka kuniambia kwamba safari ndefu huanzia huko.

Nyanya hakwenda Gotu. Alikwenda kwa jirani kuomba jiko lake. Tangu siku hiyo, kila mara simu ilipolia kutoka ng'ambo, na wadogo zangu wakazungumza Kiswahili kilichozidi kuwa chembamba kila mwaka, alisubiri tumalize, kisha akasema jambo lile lile huku akisuka: "Ulimi hauna mfupa, lakini kosa ni langu. Ningekufundisha kuniita nyanya." Nilimwambia si kosa lake. Nilimwambia ni langu. Tulishindana hivyo kwa miaka, mimi na yeye, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake kosa. Hata alipozeeka, nikawa namwogesha na kumlisha, akawa toto wa Kiturkana na wa Kiswahili kwa pamoja, bado alinishika mkono akasema, "Ningekufundisha."

Basi, karatasi. Nyanya hakujua kusoma. Karatasi kwake zilikuwa za kuwashia moto na kutandika chini ya sanduku, na alizipata kwa jirani yetu Mmeru mwenye duka la fotokopi, aliyempa zile zilizoharibika. Niliyoiona chini ya nguo ilikuwa fomu. Juu, jina la dada. Chini yake, watoto wanane, kwa mpangilio wa kuzaliwa, wa tatu amekosewa herufi na kukatwa kwa kalamu. Baada ya wa nane kulikuwa na mistari minne mitupu.

Niliipeleka dukani. Mama wa fotokopi bado yupo, mashine yake sasa ni kubwa na fomu anazochapa ni za tenda za kaunti.

"Mama, habari ya hapa."

"Nzuri, mwanangu. Pole tena na nyanya. Alikuwa rafiki yangu, huyo." Alivaa miwani, akaitazama karatasi. "Hii ni mashine yangu ya kwanza. Unaona mstari mweusi hapa kando? Na huyu wa tatu nilimkosea jina. Nilirudia yote."

"Mliiandika kabla ya yule Mzungu kuja, au baada?"

"Kabla. Bila hii angekuja kuona nini?" Kisha akaelewa nilichouliza. Alivua miwani taratibu. "Nilimwuliza mama yako, mwanangu. Nilimwuliza mara mbili. 'Na yule msichana mkubwa?' Akaniambia, 'Huyo ni wa mama.' Nikadhani mmeelewana nyumbani."

Nilirudi nikaketi sakafuni, nikaanza kupanga mambo upya kama ninavyofanya na nguo. Jicho lililopona kwa siku tatu, na picha isiyopigwa. Karatasi iliyogeuzwa upande wa pili. Kijana aliniuliza mama yangu ni yupi kwa sababu jina langu halikuwemo. Jibu langu halikunitoa kwenye orodha; lilimpa tu dada mahali pa kuificha kalamu iliyoniruka. Kijiko cha tatu cha sukari kilikuwa shukrani kwa jibu hilo.

Pengine alikuwa na sababu. Pengine mumewe hakutaka mtoto asiye wake, pengine alihofu nyanya kubaki peke yake. Mila ingemtosha: angeniambia, "Wewe ni wa boma la babu," nami ningelia wiki moja, nikakubali. Alichokifanya ni kuchukua neno nililofundishwa kwa upendo, akalifanya kosa langu, na akamwacha mwanamke mzee aombe msamaha wa kosa hilo mpaka kaburini. Hilo ndilo ninaloshindwa kulipanga. Na nyanya, wa kumwambia kwamba kosa halikuwa letu, hayupo tena.

Ua ule sasa una nguzo za nyumba ya ghorofa. Bomba la jirani limekauka, na watoto wa siku hizi hawajui sauti ya ukindu ukivutwa. Koti la kijani nililikuta sandukuni pia, limekunjwa, na kitufe chake cha shanga kipo.

Simu ililia jioni hiyo nikifunga mlango. Alikuwa yeye. Nyuma yake nilisikia runinga na mmoja wa wadogo zangu akicheka kwa Kiingereza.

"Umemaliza, mwanangu?" aliuliza. Siku hizi huniita hivyo. "Kwenye sanduku la mama kulikuwa na kitu?"

Nilikuwa nimeikunja fomu mara nne, iko mfukoni mwa lile koti.

"Nguo tu, dada," nikasema.

Nilingoja, nikihesabu pumzi zake, kama nilivyongoja zamu yangu siku ile na koti langu. Hata safari hii hakunisahihisha.