Kisigino cha Mlinzi Mzee

Fundi Soli alikuwa mtu wa kutazama chini. Wengine walisema ni haya, wengine wakasema ni kazi, naye hakuona sababu ya kubishana, maana yote mawili yalikuwa kweli. Kibanda chake kilipakana na ukuta wa posta. Alikaa kwenye kigoda, macho usawa wa magoti ya wapita njia, na viatu vilimpita kutwa nzima kama maji mferejini. Alimjua mkunga wa mtaa kwa kuburuta miguu, karani wa posta kwa kukanyaga kama anayeogopa kuamsha mtoto. Sura zao alizijua kwa shida.

Hata sinema alizitazama hivyo hivyo, kuanzia chini. Na kwa kuanzia chini ndiko alikompendea yule mwigizaji ambaye watu walimwita Kinyonga.

Kinyonga aliwahi kuwa hakimu asiyecheka. Aliwahi kuwa mwizi wa mifukoni. Aliwahi kuwa mjane mwenye mabinti watatu. Watu walisifu jinsi alivyobadili sauti na macho, lakini Fundi Soli alishangaa miguu. Hakimu alitanguliza kisigino, vidole nje, kama mtu ambaye sakafu yote ni ya babu yake. Mwizi alitembelea mbele ya soli tu, visigino havikugusa, na Fundi alijisemea kwamba kiatu cha mtu huyu kitatoboka mbele kabla ya mvua. Mjane alikanyagia ukingo wa nje, magoti yameachana kidogo, kwa mazoea ya kuning'iniwa na watoto.

Mkewe, ambaye alishona vifungo na zipu kwenye kona ya kibanda hicho hicho, alishikilia kwamba mjane ndiye aliyewashinda wote. Alimlilia mpaka leso ikalowa, na siku moja alimlaumu mumewe kwamba yeye alikaa anahesabu soli.

"Nililia na mimi, mama watoto," akajibu Fundi. "Ila nilianzia chini, machozi yalichelewa kufika."

Kwake yeye mkubwa wao alikuwa mwizi. Kulikuwa na mahali ambapo mwizi anataka kupita kwenye mlango wa watu waheshimiwa, basi anajilazimisha kutembea kama mtu mwema. Visigino vinashuka, lakini vinagonga mno. Kumbe Kinyonga alikuwa akiigiza mtu anayeigiza, na anayeigiza vibaya! Fundi aliliwaza jambo hilo wiki nzima huku akigonga misumari.

Ikatokea kwamba watu wa filamu walikuja mjini kupiga picha kwenye ghala kuukuu karibu na stesheni. Mama mmoja aliyesimamia mavazi alileta mfuko wa viatu vilivyofumuka, akasema vinahitajika asubuhi. Akaonyesha kila mahali pa kushona. Mwishoni akatoa buti za kahawia, akasema hizi ulimi tu umeachia, na kwamba ni za Kinyonga mwenyewe.

Mama wa mavazi alipoondoka, Fundi alizigeuza buti zile, akazitazama soli. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande wa ndani, kikabaki kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi. Mtu mkubwa hivi anatembelea kitu kama hiki! Fundi wa viatu hawezi kuona kisigino kilicholika akakiacha, kama mama asivyoweza kuona kamasi ya mtoto akapita. Akashona ulimi. Kisha, bila kuagizwa na mtu, akakitia tupa kile kisigino mpaka kikawa vumbi la kufagiliwa, akapiga kipya, akasawazisha, akabadili na soli ya ndani. Akapaka dawa mpaka buti zikaweza kumwakisi jirani. Alilala na furaha.

Asubuhi mama wa mavazi alivichukua viatu, na kabla ya saa kupita akarudi na zile buti. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. Alizirudisha buti mezani taratibu, akasema, "Baba, umemnyoosha mtu mguu."

Akaeleza. Kinyonga alikuwa anaigiza mlinzi mzee wa ghala, mwenye mguu mbovu. Buti zile alizivaa msimu mzima wa mvua, nyumbani, sokoni, kila mahali, mpaka kisigino kikalika na mguu ukaupata mwendo wake. Picha ya kwanza ya mlinzi ilikuwa alasiri hiyo hiyo, na mama wa mavazi alizitoa buti bila kumwuliza mwenyewe. Mwongozaji alikwisha kumwambia kwamba mwendo usiporudi, kibarua chake kimeota nyasi.

Fundi Soli alijiona mdogo kuliko kigoda chake. Akashika tupa, akakilaza kisigino kipya upande wa ndani, akapitisha msasa, akapaka matope. Alikuwa bado ameinama alipoona ndala mbili zimesimama mbele yake. Hazikuwa za mtu yeyote anayemjua. Akapandisha macho polepole, akakuta mtu mwembamba aliyevaa kofia ya kawaida. Mkewe, aliyekwisha kumtambua Kinyonga, alimkanyaga mguu chini ya meza ili asiulize jina.

Kinyonga alivaa buti, akaenda mpaka mwisho wa ukuta wa posta, akarudi, akatikisa kichwa.

"Kimelika, fundi. Lakini hakijatembea."

Fundi alijua ni kweli. Tupa hukata, haichoshi. Wala mguu wa Kinyonga haukuukumbuka tena mwendo wake juu ya soli mpya. Mara uliburuta kupita kiasi, mara ulisahau kabisa. Mama wa mavazi aligeuza uso, akajifanya anapanga viatu vingine.

Hapo udadisi wa Fundi ukaishinda haya yake. Akauliza, huku akitazama buti, mzee huyu ni nani, na mguu ulimpata nini. Kinyonga akajibu kwamba aliangukiwa na gunia gotini, naye hataki mwenye ghala ajue, maana atafukuzwa.

Fundi akalipapasa goti lake mwenyewe. "Kama ni hivyo, hachechemei," akasema. "Anaficha."

"Anaficha vipi?"

"Anaenda kando ya ukuta. Akiona mtu, anasimama, kama ana jambo la kusoma. Hatembei mtu akimtazama."

"Nionyeshe."

Mbele ya posta kulikuwa na foleni ya watu. Fundi Soli alizitazama buti, akaitazama foleni, akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba msaada.

"Mficha uchi hazai, baba watoto," mkewe akasema, akaendelea kukata uzi.

Basi akajaza vitambaa kwenye buti, kwa kuwa zilikuwa kubwa, akatoka. Watu walicheka. Karani alichungulia dirishani. Fundi alisikia masikio yanawaka, akausogelea ukuta, akatembea kama alivyotembea maisha yake yote alipotazamwa, isipokuwa safari hii alikuwa na goti la kuficha. Alipofika kwenye tangazo la posta alisimama akalisoma, nalo lilikuwa la mwaka uliopita. Akarudi. Akaenda tena. Saruji ikaanza kukila kisigino pole pole. Kicheko kilikwisha bila yeye kujua lini, na aliposikia hatua nyuma yake alikuta Kinyonga anamfuata na ndala zake, mguu kwa mguu, wote wawili wameuambaa ukuta kama mchwa.

Mwishowe wakabadilishana. Kinyonga akazivaa buti, akaenda mpaka kwenye tangazo, akasimama, akasoma, akarudi. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimwambia mwenziwe ampishe mzee yule apite mbele.

"Siyo mwendo ule niliokuwa nao," Kinyonga akasema. "Ule ulikuwa wa mtu mwenye mguu mbovu. Huu ni wa mtu mwenye siri. Niuchukue?"

"Chukua. Mimi bado ninao."

Kisha, kwa kuwa kinywa kilikuwa tayari wazi, Fundi akauliza habari za yule mwizi mlangoni kwa waheshimiwa, na visigino vilivyogonga mno: yalikuwa makusudi? Kinyonga alifikiri sana. Akakiri kwamba siku ile alipewa viatu vikubwa, vikamgongea vyenyewe. Alisikia mlio, akaona unamfaa mwizi, akauacha. Mke wa Fundi alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

Alasiri, mama wa mavazi aliwapeleka Fundi na mkewe ghalani, akawaweka nyuma ya kamba. Alikuwa bado hajatulia. Mlinzi mzee alitoka kivulini kando ya magunia, akamwona mwenye ghala, akasimama, akajifanya anasoma chapa kwenye gunia. Mwongozaji akaomba warudie, safari hii taa ikiwa karibu zaidi. Mama wa mavazi akashusha pumzi na kuketi juu ya sanduku lake, kwa sababu mwendo haukulalamikiwa, na taa haikuwa kazi yake.

Mara ya pili Kinyonga alichelewa kidogo kuugusa ukuta. Fundi Soli aliliona hilo, akataka kujua uzito wa mwili sasa unakwenda wapi. Akachuchumaa, kichwa chini ya kamba, karibu aingie kwenye picha, na mkewe akamshika shati kwa nyuma.